Muulize Shangazi: Shule inataka nimweke mwanangu nyumbani kisa kifafa

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina binti wa miaka tisa ana kifafa, mwezi uliopita alianguka darasani mbele ya wenzake, tangu hapo wazazi wengine wamelalamika eti lile povu linaambukiza, sasa mwalimu mkuu ananiambia nikae naye nyumbani mpaka apone kabisa. Nyumbani nako mama mkwe kamtengea sahani na kikombe chake. Juzi mtoto kaniuliza, mama mimi nimefanya nini? Nifanyeje shangazi?
Mama wa binti

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na binti maana swali lake ndo zito kuliko yote. Mjibu leo hii, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba hajafanya kosa lolote, ni ubongo tu kuna muda umeme wake unachafuka ndo anaanguka, sio mapepo, sio laana, wala hajarogwa na mtu. Mtoto asipopewa jibu anajitungia la kwake, na hilo la kwake mara nyingi linamtia yeye hatiani.

Povu haliambukizi. Ni mate tu yaliyoshindwa kumezwa wakati mwili umekaza, na hakuna mtu aliyewahi kupata kifafa kwa kula sahani moja na mwenye nacho. Mama mkwe mwambie kwa heshima ila mwambie, na ikiwezekana nenda naye kliniki siku ya kuchukua dawa akasikie kwa daktari, maana wewe ukisema ataona unamtetea mwanao tu. Watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu sahihi, kwa hiyo dozi usimkatishie hata ukiona miezi inapita haanguki, kuacha ghafla kunaweza kumrudishia vibaya kuliko mwanzo.

Sasa hiyo shule. Kumwambia mtoto akae nyumbani mpaka apone kabisa ni kumfukuza kwa lugha laini, na mimi hilo silikubali hata kidogo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 kifungu cha 2 unakataza kumbagua mtoto, na ulemavu umetajwa humo waziwazi, halafu kifungu cha 28 kinasema elimu ni haki yake. Nchi 196 zimejifunga na mkataba huo, karibu dunia nzima. Wazazi wa wenzake wakiogopa basi waelimishwe wao, mtoto abaki kwenye dawati lake.

Ila usiende na vifungu peke yake, kwa sababu mwalimu naye yawezekana anaogopa mtoto asije akamfia mikononi, na mtu mwenye hofu ukimtisha anazidi kufunga mlango. Mfundishe. Mtoto akianguka wamwondolee vitu vya kumuumiza, waweke nguo laini chini ya kichwa, wamlaze ubavu, waangalie saa. Wasimkandamize, na wasimtie kijiko wala kidole mdomoni jamani, hii tabia imevunja meno ya watu wengi. Ikizidi dakika tano au akianguka tena kabla hajapata fahamu, hospitali mara moja. Omba na wanafunzi wenzake waelezwe, watoto wakielewa ndo wanakuwa walinzi wake wa kwanza.

Wakikataa bado, omba sababu kwa maandishi, hapo wengi hulegea, wasipolegea barua hiyo ipeleke ofisi ya elimu na kwa ofisa ustawi wa jamii.

SWALI: Anti, jirani anaishi na mtoto wa marehemu dada yake. Watoto wake wanasoma, huyu anafua na kubeba mdogo mgongoni siku nzima. Nikisema si nitaitwa mmbea?
Msomaji

JIBU: Waache wakuite. Kama anapigwa, ananyimwa chakula au unahisi kuna mtu anamchezea, usiende kwa jirani kwanza, nenda moja kwa moja ustawi wa jamii au polisi, maana jirani akishtuka anaweza kumhamisha mtoto usimwone tena. Na mtoto mwenyewe usimhoji mbele za watu, atakayeadhibiwa usiku ni yeye.

Kama ni shule tu, muulize mlezi taratibu kinachokwamisha ni nini. Kuna walezi wamekwama kwenye cheti cha kuzaliwa, mama kafariki, baba hajulikani, wakajua ndo basi tena. Kuandikishwa kuzaliwa ni haki ya mtoto, kifungu cha 7 cha mkataba uleule, na kutojulikana kwa baba hakuifuti. Jitolee umsindikize huyo mlezi mpaka ofisi ya usajili, na mkifika ulizeni utaratibu wa waliochelewa kuandikishwa.