Kabla ya kuhama mchezo, angalieni mapumziko yenu

Ndugu, umeuliza kama kundi lenu la michezo ya kuigiza wahusika kwa dadu lihamie Pathfinder kwa kuwa kwenye Dungeons & Dragons mpiganaji wako anafunikwa na mchawi. Msihame kwanza. Katika toleo la 2014, mchawi wa ngazi ya 5 akirusha mpira wa moto anatupa dadu 8 za madhara, na moto unawala wote waliomo ndani ya duara. Wewe una mapigo mawili ya upanga. Lakini uchawi ule, sehemu yake kubwa, humrudia akishalala usiku; pumzi yako ya ziada, yaani uwezo wa mpiganaji wa kujiponya, hurudi kwa mapumziko ya saa moja tu. Mkipigana mara moja kwa siku, lazima akuzidi! Mwombe mwendesha mchezo aweke mapambano manne kabla ya kulala. Ikishindikana, toleo la pili la Pathfinder, la 2019, humpa mpiganaji shabaha kali tangu ngazi ya kwanza, nami nalipenda sana kwa hilo.