Dawa ya minyoo iliponigomea

Mvua za mwaka juzi nilizika mbuzi saba, na wote saba walikuwa wamekunywa dawa ya minyoo. Wangekuwa wa mtu mvivu nisingeshangaa. Mimi nilifuata kalenda: kila miezi mitatu kundi zima, wakubwa kwa wadogo, foleni mlangoni mwa banda, bomba mkononi.

Tunafugia Mtama, upande wa bonde la mto Lukuledi. Mvua yetu Lindi ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili hivi, na kipindi hicho mbuzi haachiwi ovyo maana mashamba yana mazao ya watu. Anafungwa kamba. Kigingi palepale, nyasi mbichi, umande mpaka saa tatu asubuhi. Mnyoo angeambiwa achague pa kuishi asingepata pazuri zaidi.

Anayetusumbua zaidi huku kwenye joto na unyevu ni yule anayefyonza damu kwenye tumbo la nne la mbuzi. Wataalamu wanamwita Haemonchus. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na mvua ikikolea, ndani ya wiki moja hivi viluwiluwi vyake vimeshapanda kwenye jani vinasubiri mdomo. Huyu si lazima alete harisho, na hapo ndipo aliponidanganya. Kinyesi kilikuwa gololi safi kabisa, huku mbuzi anakwisha damu. Nilichoona mimi ni uvimbe laini chini ya taya, kama kafungiwa kimfuko cha maji: jioni akitoka kula umejaa, asubuhi umepungua. Jirani akasema ni jicho la mtu. Shida ilikuwa kweli jichoni, ila jicho la mbuzi mwenyewe, ambalo sikuwahi kulifunua nikalitazama.

Bwana mifugo alichukua kinyesi cha mbuzi kadhaa kabla ya dawa, akachukua tena baada ya siku 14, kikapelekwa maabara kuhesabiwa mayai. Dawa ikiwa bado inafanya kazi, mayai hupungua kwa asilimia 95 au zaidi. Yangu hayakupungua hata nusu. Akaniuliza, "Kaka, uzito ulipima kwa kipimo gani?" Nikamwambia kwa macho. Akacheka, lakini si kwa kufurahi.

Kukadiria kwa macho ni kumpunja mbuzi, hasa majike wakubwa, na dawa pungufu inaua minyoo dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Isitoshe, ini la mbuzi huiondoa dawa haraka kuliko la kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi hakimtoshi. Dawa ya minyoo iitwayo albendazole wataalamu humwongezea mbuzi hadi karibu mara mbili. Nyingine, levamisole, ni mara moja na nusu tu, kwa sababu ukizidisha inamdhuru. Usikisie, muulize mtaalamu. Soma na nguvu ya dawa pia: ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10 zinakaa rafu moja dukani, na ukichanganya umekosea mara nne. Albendazole usimpe jike aliyepandwa karibuni.

Kosa lililoniuma zaidi ni lile nililolionea fahari. Nilikuwa nikishawanywesha wote, kesho yake nawahamishia malisho mapya, safi. Nikijiona mjanja! Kumbe minyoo waliosalia tumboni ni wale tu walioishinda dawa, na mayai yanayodondoka kwenye malisho safi ni yao peke yao. Hakuna minyoo wa kawaida wa kuchanganyika nao. Kwa mkono wangu nilipanda shamba la minyoo sugu na kulipalilia kila miezi mitatu.

Sasa sinyweshi kundi. Wakati wa mvua, kila wiki mbili, nawatoa juani mmoja mmoja, nabonyeza kope la juu kidogo, navuta la chini na kutazama utando wa ndani. Ipo kadi ya rangi tano inaitwa FAMACHA, ilibuniwa Afrika Kusini, na jina linatokana na daktari wa mifugo Faffa Malan. Rangi ya kwanza ni nyekundu kama bibo bivu. Ya tano ni nyeupe kama tui. Wa rangi ya nne na ya tano wanapewa dawa. Wa rangi ya tatu nampa akiwa mtoto, ana mimba au ananyonyesha. Wengine nawaacha, na minyoo yao midhaifu ibaki kuchanganyika na ile sugu. Kadi haijui kila kitu, maana kupe na mbung'o nao huleta magonjwa yanayokausha damu, kwa hiyo mbuzi mwenye utando mweupe asiyepona baada ya dawa apimwe.

Kigingi nahamisha mapema, na sehemu iliyoliwa siirudii kwa zaidi ya mwezi. Kamba zinatoka bandani umande ukishakauka, kabla ya hapo wanakula majani ya mti wa mlusina yaliyoning'inizwa juu. Mbuzi wa mnadani anakaa peke yake kwanza, kinyesi kikapimwe. Minyoo sugu husafiri tumboni mwa mgeni.

Na daftari. Kila anayekunywa dawa namwandika usiku huohuo. Msimu ulipoisha nikaona majina ni yaleyale, kikundi kidogo tu, na wanambuzi wao wanafuata njia hiyohiyo. Beberu wetu mweupe, mrefu, aliyekuwa anapigwa picha na kila mgeni, alikunywa mara tatu mvua moja. Nikasubiri siku za dawa kutoka mwilini ziishe, nikamuuza. Shangazi hakunisemesha wiki nzima. Beberu wa sasa ni mfupi, pembe moja imepinda, mama yake ni katika wale watatu ambao hawajaonekana daftarini. Mvua mbili zimepita, bomba halijaingia mdomoni mwake.