Kiwanja cha bondeni hapana, mwanangu

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza ununue kile kiwanja cha bei poa huko Dar, bonde la Msimbazi, au urudi Bukoba ujenge hapa nyumbani, ila tetemeko linakutisha.

Nakuelewa. Ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 ulikuwa hapa, tulitoka nje mbio umenishika kanga, na mimi mpaka leo lori zito likipita roho inaruka. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 walikufa. Lakini kumbuka nyumba zipi zilianguka. Ya bibi yako ilikuwa tofali zimepangwa kwa udongo, lenta hakuna, ikalala chini yote. Ya jirani yetu ina lenta ya zege na nondo imezunguka kuta zote, ikapata nyufa tu na wanaishi humo hadi leo. Tetemeko halina msimu, linaweza kuja kesho au usilione tena maisha yako yote, ila ukiwa na fundi mzuri unajenga ukilisubiri.

Sasa bondeni utajenga nini mwanangu? Msimbazi unashuka na maji ya vilima vya Pugu na Kisarawe, mvua inapiga kule wewe kwako kukavu, halafu usiku maji yako kitandani, na hiyo sio mara moja, ni masika na vuli. Desemba 2011 walikufa makumi ya watu, wengine serikali ikawapeleka Mabwepande, na Jangwani, humo humo bondeni, imeendelea kufurika miaka iliyofuata. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa makazi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo hata maji yakikuacha unaweza kuamka ukuta una alama ya X ya kubomolewa. Hiyo bei poa ndo sababu yake.

Na hata huku sikwambii popote tu, karibu na mto Kanoni sitaki, nao unafurika.

Kama lazima ubaki Dar, tafuta juu, hata kama ni mbali, unapanda daladala mbili. Nenda mvua ikinyesha, uwaulize mama ntilie wa pale maji yalifika wapi, dalali usimuulize.

Advansi usitoe kwanza. Jumatano fundi ananiletea bei ya nondo na saruji za lenta, nitakupigia jioni.

Mama yako