Maswali ya Jikoni: Kiporo Kinapoingia Oveni

SWALI: Habari za kazi, wapishi. Nikichanganya wali wa jana na mboga, mayai na maziwa kisha nikaoka, pembeni panakauka lakini katikati panabaki majimaji. Nikiongeza muda, maji ndiyo yanazidi. Nakosea wapi?

JIBU: Hapo kwenye kuongeza muda. Yai likiiva kiasi hushika maziwa yakagandamana laini. Likipitiliza hujikaza na kuyakamua maji liliyokuwa limeyashika. Ukiona vitobo vidogo vidogo na maji yametuama chini ya chombo, mayai yameiva kupita kiasi, hayakuwa mabichi.

Mboga nazo zina lawama. Za majani zilizopikwa zikamue kwa mkono mpaka zisidondoshe tena. Nyanya, uyoga na biringanya zikaange bila kifuniko hadi maji yakauke. Nyama ya mchuzi ichuje, na mchuzi wake usiutupe: unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maziwa, ila punguza chumvi.

Kwa chombo cha mraba chenye upande wa sentimita 20, tumia wali gramu 400, mboga zilizokamuliwa gramu 200, nyama au kuku aliyeiva gramu 150, mayai 3 na maziwa mililita 250. Wali wa friji huwa na mabonge, hivyo uchambue kwa vidole kabla ya kitu kingine chochote. Bonge halipitishi maziwa na utalikuta kavu katikati ya kipande. Piga mayai na maziwa pamoja, onja wali ndipo uamue chumvi, kisha changanya vyote. Paka chombo mafuta, mimina na usawazishe bila kushindilia. Kimo kiwe kama sentimita 3. Ukitumia chombo kidogo kikajaa hadi juu, pembeni pataungua kabla katikati hapajashika, na hilo huenda ndilo linalokusibu.

Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi, rafu ya katikati, dakika 30 hadi 35. Kitikise: katikati pakicheza kidogo bila kufanya wimbi, toa. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 74. Kiache dakika 10 ndipo ukate, maana kinaendelea kushika nje ya oveni. Jibini si lazima. Chenga za mkate zilizochanganywa na kijiko cha mafuta hukausha juu vizuri vilevile, na kwa maoni yetu hukausha vizuri zaidi.

SWALI: Wali ukilala juu ya jiko usiku kucha, si oveni itaua vijidudu vyote?

JIBU: Hapana, huo mwage. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hujifunika kwenye ganda gumu linalostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo joto la oveni haliivunji. Harufu haikusaidii kuugundua. Utandaze wali kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa 1, na uoke kabla ya saa 24 kupita. Nyama na mboga zilizowekwa kwenye friji mapema zinaweza kungoja siku 3. Ukishaoka, ule siku hiyohiyo. Wali usipashwe moto mara mbili.

SWALI: Naweza kutumia mkate badala ya wali?

JIBU: Unaweza, tena mkate mkavu ndio bora, kwa kuwa hunywa maziwa bila kugeuka uji. Weka gramu 250 za vipande, na maziwa yafike mililita 400. Mayai yabaki 3. Uache uloe dakika 20, ukiubonyeza mara moja katikati ya muda huo. Ukiwa na mkate laini tu, ukate vipande uukaushe kwanza oveni kwa nyuzi 120, dakika 15 hivi. Wenye ukungu usijaribu kuukata upande mbaya: mizizi yake huwa imeshapenya kusikoonekana.