Mchungaji aliyesomeshwa makosa yake Nachingwea

Mwanangu,

Marahaba. Mikorosho tumeshaipulizia salfa, na mama yako hajambo, ila goti tu.

Umeuliza kwa nini mapinduzi huwageukia walioyapigania, ukasema mwalimu wenu amewafundisha mapinduzi ya Ufaransa. Sawa, ila jambo hilo lilifika hadi kwetu hapa. Kule Farm 17 palikuwa na kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Mreno.

Mchungaji Uria Simango alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO. Rais mwenyewe, Mondlane, alipouawa Dar es Salaam, Februari 1969, kwa bomu lililofichwa kitabuni, wengi walidhani kiti ni chake. Wakamweka kwenye uongozi wa watu watatu, yeye na Samora Machel na Marcelino dos Santos. Kabla mwaka haujaisha alitoa waraka akidai ndani ya chama watu wanauawa. Akatimuliwa. Mwaka 1974 akajiunga na chama cha upinzani kule Msumbiji, na hilo ndilo walilomshikia. Mei 1975, uhuru ukiwa umebakiza wiki chache, alisimamishwa hapa Nachingwea mbele ya wapiganaji asome karatasi ya kukiri makosa. Baadaye aliuawa kule Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, bila kesi. Mkewe Celina naye aliuawa.

Ninavyoona mimi, vitani lazima awepo mtu wa kusaka wasaliti, maana wasaliti kweli huwapo. Mreno alikuwa na majasusi wake. Vita ikiisha, msakaji hakuna anayempokonya kazi. Adui naye keshaondoka. Amsake nani? Wa kwanza ni yule mliyekula naye sahani moja, kwa sababu adui akikutukana watu hucheka, lakini mwenzio akisema "hivi sivyo tulivyokubaliana", anaaminika. Alikuwepo.

Huyo Danton wenu, kiongozi wa mapinduzi ya Ufaransa, ndiye aliyesimama Machi 1793 kutaka mahakama ya mapinduzi iundwe. Aprili 1794 mahakama hiyo hiyo ikamkata kichwa. Robespierre, mwanamapinduzi mwenzake aliyemsukumia huko, akafuata Julai. (Usiiandike hii kwenye mtihani kwa maneno yangu, utafelishwa.)

Mwaka ule wa 1975 nilikuwa darasa la nne. Kulikuwa na mpiganaji mmoja, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyekuja kwa babu yako kununua makopa. Alikuwa msemaji sana. Akishakaa mkekani hakuna anayepata zamu: Mueda kule Msumbiji, Wareno walivyowapiga watu risasi mwaka 1960, na Mchungaji alivyokuwa akihutubia. Baada ya Mei akaja tena. Babu yako akamuuliza, "Yule Mchungaji wenu vipi?"

Hakujibu. Aligeuka akatazama mlangoni, kisha akaufunga mfuko wake wa makopa, fundo moja, halafu la pili juu yake. Hela aliiacha mkekani bila kuhesabu. Mlango ulikuwa wazi, na uani palikuwa na kuku tu.

Baba yako