Viza niliyopewa Ibra

Mdogo wangu,

Umeniuliza mara tatu kwa ujumbe wa sauti: "Kaka, umeshafika kwa ndugu zetu wa Ibra? Umewaambia wanitafutie viza?" Nimefika Ibra, mji wa bara huku Oman. Na nimewaambia, kwa aibu. Sasa tulia nikusimulie, maana nikikujibu kwa neno moja utadhani nakubania.

Tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa Mombasa ninaofanya nao kazi ghalani. Idi Kubwa tukachanga, tukakodi gari: Muscat hadi Ibra, Ibra hadi Sur, mji wa bandari, kurudi kwa njia ya pwani. Zaidi ya kilomita 500, ila lita ya petroli haifiki robo riali, basi usidhani tumetapanya mali. Barabara imenyooka, milima mikavu mitupu, na kamera za spidi kila ukigeuza macho. Joto ndilo lililotukomesha. Ukishusha kioo ni kama umefunua tanuri.

Mama alikuwa amenipa nasaba yote kwa simu: babaake mjomba na bibi yetu mzaa mama, baba mmoja mama mbali. Nikaikariri njiani kama mtoto wa chuoni. Wala haikuhitajika. Nilipotaja jina la bibi tu pale mlangoni, mjomba akanikumbatia, tukaingizwa majlis, chumba chao cha wageni.

Huko ndiko nilikoumbuka. Kahawa wanakutilia kidogo kidogo kwenye kikombe, na ukitosheka unakitikisa. Mimi sitikisi, naona haya kukataa. Kijana anatia, nakunywa, anatia tena. Cha sita ndipo mwenzangu akanifinya paja. Kijana mwenyewe ni mjukuu wa mjomba, na Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Tuliongea Kiingereza, damu moja sisi!

Halafu mama mkubwa, dadake mjomba, akaniita ndani peke yangu. Yeye alitoka Unguja mwaka 1964 akiwa msichana, wakakaa Dubai, wakaja Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita waliotawanyika warudi. Kiswahili chake ni kile cha bibi hasa, nilikuwa sijakisikia tangu tumzike. Alinipikia muhogo wa nazi, muhogo wenyewe wa barafu kutoka dukani, na akaniomba radhi kwa hilo. Nikampa karafuu za mama. Akazinusa, akanyamaza muda mrefu, kisha akaanza kuniuliza Darajani pakoje siku hizi.

Sinia aliileta dada mmoja wa Tanga, anafanya kazi pale. Nilipomsalimia kwa Kiswahili akainama kama anapanga sahani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, wewe unapumzika siku gani?" Nikamwambia Ijumaa. Akacheka, akatoka.

Usiku ndipo nikamwendea mjomba kwa habari yako. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kampuni sina. Viza ninayoweza kuitoa kwa jina langu ni ya mtumishi wa nyumbani. Dadako akitaka aje hapa hapa, atakuwa kama mtoto wa nyumba." Alisema kwa wema kabisa, ndiyo maana nilishindwa hata kukasirika. Nikajibu nitamuuliza mama. Sijamuuliza.

Wewe ni mtu mzima, nakwambia kama ilivyo. Kibali cha kukaa huku hufungwa kwa yule aliyekutolea viza. Ukija kwa mjomba, siku mkikosana juu ya mshahara au mapumziko utakuwa umegombana na bosi, mwenye nyumba na mjomba kwa mkupuo mmoja. Mama atampigia nani simu? Na wale watoto watakaokuita kwa jina ulete maji ni wajukuu wa ukoo wetu. Labda unaweza. Mimi nikikuwaza umeshika sinia ile, roho inakataa. Lakini sitakuficha kwamba mlango huo upo.

Sur tulipita tu. Tukaona majahazi, tukala samaki, tukarudi kazini.

Jana mama mkubwa alinipigia. Habari ya viza hakuigusa. Anataka picha ya nyumba yao ya Malindi ya hapo Unguja, ile yenye baraza ndefu, aone kama mlango bado una misumari yake ya shaba. Mama anaijua, atakuelekeza. Nenda Ijumaa asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukikuta watu barazani wasalimie kwanza, uwaambie nani kakutuma. Na kama mlango umeshang'olewa ukauzwa, picha usimpelekee yeye. Niletee mimi kwanza.