Fonti nene za kuchorwa kwa mkono kwenye bango, uzoefu wangu hapa Tanga

Mkuu umeuliza kama hiyo fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, nene ya kuchorwa kwa mkono uliyopakua itafaa bango la banda lako la maandazi na supu, naona wengi wamekujibu tu "inapendeza, weka". Mimi nachora vibao na kukata stika hapa Tanga, nilianza na brashi miaka mingi kabla sijanunua plota, ile mashine ya kukata stika, kwa hiyo ngoja nikwambie nilichokiona.

Inafaa, tena sana. Mtu yuko kwenye bodaboda anakatiza Ngamiani, hana muda wa kusoma herufi nyembamba, herufi nene yenye tumbo ndo anaiona. Na siyo fasheni ya jana, fonti nene ya Cooper Black ya Marekani ni ya 1922 na mpaka leo watu wanaitumia kwenye vibao.

Ila Kiswahili kina A nyingi mno na hapo ndo shida inapoanza. Andika MAANDAZI uone, A tatu, mbili zimekaa bega kwa bega. Nikishika brashi hizo A hazifanani hata nikitaka, moja mguu umetoka nje, nyingine imelala kidogo, ndo maana jicho linakubali kuwa ni mkono wa mtu. Kompyuta inakupa A ileile, hata mkwaruzo wa brashi uko palepale, utamu wote unaisha. Sasa fonti nyingi za namna hii hazina herufi ndogo kabisa, sehemu ya herufi ndogo mchoraji ameweka herufi kubwa nyingine yenye umbo tofauti kidogo, kwa hiyo wewe chapa MAaNDAZI, zile A mbili za jirani zitaachana. Kama yako haina hiyo, geuza neno liwe mchoro kwenye programu yako ya kuchorea halafu A moja uivute kidogo kwa mkono.

Chapa pia NG'OMBE kabla hujaenda mbali, maana kuna fonti hazina hiyo alama ya juu, unaletewa kiboksi kitupu.

Namba ya simu usiiweke kwa fonti hiyo, nakuomba. Kuna mama mmoja wa Chumbageni nilimwekea, 1 na 7 zikawa kama mapacha, wateja wa oda wakawa wanampigia mtu mwingine karibu wiki nzima. Nilibandua nikabandika upya kwa hela yangu na bado iliniuma, maana aliniamini. Namba weka fonti ya kawaida iliyonyooka.

Kama ni stika ya kukata epuka zenye kingo za kuchanikachanika, kisu cha plota kinahangaika na vile vipembe vidogo vinabanduka mapema.

Halafu soma leseni, nyingi zinazoitwa za bure ni bure kwa matumizi binafsi tu, biashara unatakiwa umlipe aliyeichora, na ni haki yake. Za Google Fonts, ule mkusanyo wa fonti za bure wa Google mtandaoni, unaruhusiwa hata kwenye biashara.

Weka hapa kipimo cha bango na picha ya ukuta, nikuangalizie hizo A.